Uzi: Mwanafunzi ana simu, ana bando, ana akili mnemba. Mbona bado haelewi?

Chaki_Nyeupe (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu mliomo humu.

Nafundisha Jiografia kwenye sekondari ya kata huku Temeke. Darasa langu moja lina watoto zaidi ya 80. Nafungua uzi huu kwa sababu kila tukigusa habari ya teknolojia shuleni tunaishia kuhesabu vifaa: shule fulani ina kompyuta ngapi, projekta imekufa, vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vinatumika au vimefungiwa kabatini, mtoto aruhusiwe simu au asiruhusiwe. Kifaa kinamtaka mtoto afanye nini kichwani mwake, hilo hatuligusi. Mimi naona hapo ndipo penye mzizi wa jambo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, anayepinga apinge. Kila kifaa cha kufundishia kimebeba ndani yake nadharia ya namna mtu anavyojifunza, hata kama aliyekiuza haijui na aliyekinunua hakuuliza. Usipoijua, kifaa kitaendeleza mazoea uliyokuwa nayo, ila kwa kasi zaidi. Kama ulikuwa unaandika notisi ubaoni watoto wanakopi, ukipewa projekta utaziangaza ukutani nao watakopi vilevile. Ukifungua grupu la WhatsApp utawamwagia pidiefu, nao watazihifadhi bila kuzifungua.

Chukueni mfano wa B.F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1953 alikwenda kuangalia kipindi cha hesabu darasani kwa binti yake. Mambo mawili yakamkera. Watoto wote wanakwenda mwendo mmoja, aliyemaliza anasubiri, aliyebaki nyuma anaachwa huko huko. Halafu hakuna anayejua kama amepata au amekosa mpaka madaftari yasahihishwe. Akaenda kuunda mashine ya kufundishia: swali moja, unajibu, papo hapo unaona matokeo, unasogea hatua ndogo mbele. Aliamini kwamba tabia hujengwa na kile kinachoifuata, na kikichelewa hakijengi kitu. Mwalimu yeyote wa Dar mwenye rundo la madaftari mezani anaijua kero hiyo vizuri. Programu nyingi za mazoezi tulizonazo kwenye simu leo, zile za kuchagua A, B, C au D ukawekewa tiki ya kijani, zimezaliwa na wazo lile.

Sasa mweke kando yake Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, aliyekaa miaka kadhaa Geneva akifanya kazi na Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi. Piaget alishikilia kwamba mtoto hamezi maarifa kama yalivyo. Anayajenga mwenyewe kwa kugusa, kujaribu, kukosea na kupanga upya kile alichokuwa anakiamini. Papert alipofika chuo cha MIT, Marekani, alishiriki kuunda Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta ambayo mtoto huiandikia amri ili kobe mdogo achore umbo. Kobe akienda kombo, mtoto anarudi kwenye amri zake kusaka palipoharibika. Kwa Skinner mashine inamwongoza mtoto, kwa Papert mtoto anaiongoza mashine.

Tukija kwenye akili mnemba ambayo watoto wetu wote wanaijua, kuna jaribio lilifanyika kwenye sekondari moja nchini Uturuki, karibu wanafunzi elfu moja, somo la hesabu, matokeo yakachapishwa 2025. Kundi la kwanza lilitumia GPT-4 ya kawaida wakati wa mazoezi. Alama zao za mazoezi zikapanda kwa asilimia 48 kuliko waliokuwa na vitabu na madaftari peke yake. Ukaja mtihani bila msaada wa mashine: wakaanguka kwa asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi jingine lilipewa akili mnemba hiyo hiyo, lakini imeelekezwa itoe vidokezo na isitoe jibu, na walimu walishaiandalia makosa ya kawaida ya watoto. Hao mazoezi yao yalipanda kwa asilimia 127, na yale madhara ya kwenye mtihani yakaondoka karibu yote.

Tofauti ya makundi yale mawili haikuwa bei ya kifaa wala nguvu ya intaneti. Ilikuwa ni nani anafanya kazi ya kufikiri. Karibuni.

---

Msemakweli_Mbagala

Mwalimu, hoja yako nzuri ila unaongelea dunia ya vitabuni. Mtoto wa Kitanzania anapimwa na NECTA, baraza la mitihani. Pepa inataka pointi sita, anamwaga pointi sita, anapata A yake, anasonga. Hayo ya kujenga maarifa yatamsaidia nini ndani ya chumba cha mtihani? Shule zinazoongoza zinapiga pepa za miaka ya nyuma asubuhi mpaka usiku. Waacheni wakariri wafaulu, mengine watayapata chuo.

---

Chaki_Nyeupe

Mkuu Msemakweli, nashukuru kwa kusema wazi, maana wazazi wengi wanawaza hivyo na hawasemi.

Ningeweza kukukumbusha kwamba tangu 2005 mtaala wa sekondari umekuwa ukizungumzia umahiri na siyo wingi wa maudhui, na kwamba mitaala iliyoanza Januari 2024 imelikazia jambo hilo. Lakini sitakimbilia huko. Nakujibu ndani ya mtihani wako huo huo.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo matini fupi za sayansi. Baadhi waliisoma matini mara mbili. Wengine waliisoma mara moja, kisha wakaifunika na kuandika kila walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja wakakumbuka kama asilimia 42 tu, na walioifunika wakajilazimisha kukumbuka wakawa na asilimia 56. Kila ukikivuta kitu kutoka kichwani, unakikaza. Kukisoma tena kunakupa hisia ya kukijua, na hisia hiyo inadanganya sana usiku wa kuamkia mtihani.

Sasa ziangalie tena hizo shule zinazopiga pepa kutwa. Kinachowabeba wale watoto ni kujibu. Wanakaa na swali, hawana daftari mbele yao, wanavuta. Mzazi akiona anadhani ni kukariri, naye anakwenda kumwambia mtoto wake asome desa, zile notisi za kukopi, mara kumi. Watoto wawili wanaitwa wanakariri wote, na wanafanya kazi tofauti kabisa.

Na simu imeingia hapo hapo. Mtoto ana swali, kabla hajalitafuna ameshaliandika kwenye simu. Ile sekunde ya kuvuta kutoka kichwani imefutwa, na ndiyo ilikuwa na faida.

---

Mzee_wa_Redio

Wanangu, salamu. Sina elimu ya hao wazungu mnaowataja, lakini nilikuwa kiongozi wa kikundi cha redio mwaka 1973 kwenye kampeni ya afya ya Mtu ni Afya, kabla sijahamia Dar. Naomba niwaeleze ilivyokuwa maana vijana hawajui.

Kampeni iliandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni mbili, kwenye vikundi. Sisi tulikuwa na redio moja ya mkulima, chini ya mwembe. Tunasikiliza kipindi kutoka Redio Tanzania, mathalani malaria au kuhara. Kipindi kikiisha, redio inazimwa. Nasisitiza, inazimwa. Anayejua kusoma anasoma kijitabu kwa sauti. Halafu tunaulizana: hapa kijijini kwetu hili lipo? Maji yaliyotuama yako wapi? Choo cha nani kimebomoka? Mwisho tunakubaliana kazi ya wiki, na kikao kinachofuata tunakaguana.

Kama wangetuletea redio tu, tungesikiliza taarabu na matangazo ya vifo. Nilichoona mimi, mtu alibadilika kwa sababu ilibidi asimame mbele ya jirani yake aseme choo chake kimefikia wapi.

---

Chaki_Nyeupe

Shikamoo mzee wangu. Maelezo yako yanatosha kozi nzima ya ualimu.

Ulichokieleza kiliandikwa Urusi na mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37. Alisema yapo mambo ambayo mtoto hawezi kuyafanya peke yake, ila anayaweza akiwa na mtu anayejua zaidi kidogo, na hapo katikati ndipo kujifunza kunapotokea. Kwake mazungumzo yanakuja kwanza, fikra za ndani zinafuata. Ile ya kuzima redio naomba walimu wenzangu waisome mara mbili. Wengi wetu tukiwasha video darasani tunaiachia mpaka mwisho, kengele inalia, tumetoka.

---

Fundi_Aggrey

Mwalimu mimi napinga kidogo. Niliishia kidato cha pili. Ufundi simu nimeupata YouTube, hakuna mwalimu wala kikundi. Leo nina meza yangu Aggrey, Kariakoo, nalipa kodi, nasomesha wadogo zangu. Hao kina Skinner siwajui. Mhindi mmoja anaongea Kihindi hata simuelewi, naangalia mikono yake tu. Teknolojia imenifundisha.

---

Chaki_Nyeupe

Kaka, hongera sana, na swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Nieleze kwanza: ulipokuwa unaangalia video ya simu isiyoingiza chaji, ulikuwa umekaa vipi? Ulikuwa unaangalia mwanzo hadi mwisho?

---

Fundi_Aggrey

Hapana bana. Nilikuwa nanunua simu mbovu, zile za kuuzwa spea. Naweka video, naangalia kipande, nasimamisha. Nafungua ya kwangu. Nashika mita napima soketi ya chaji kama umeme unafika. Ukifika, tatizo liko mbele kwenye bodi. Usipofika, soketi yenyewe au waya. Nikikwama narudisha video nyuma. Zikinishinda kabisa nampelekea jamaa wa meza ya pili, anaangalia ananiambia "hujasafisha kutu hapo". Basi.

---

Chaki_Nyeupe

Wakuu, someni hapo juu taratibu, kila kitu kimo. Alikuwa na simu halisi mkononi. Alikuwa anakisia kabla ya kupima. Mita ilikuwa inamjibu palepale, hakusubiri madaftari yasahihishwe. Na alikuwa na jamaa wa meza ya pili. Video ilikuwa jambo moja tu kati ya hayo yote. Kijana mwingine akiangalia video zile zile akiwa amelala kitandani, hata aangalie mwaka mzima, hatafungua simu hata moja.

Kwa hiyo hatupingani kaka. Nasema tu kwamba wewe mwenyewe uliupanga ule ufundishaji, ukaupanga vizuri.

Niongeze la Tanga, maana linatuhusu na watu wachache wanalijua. Kati ya 2017 na 2019 lilifanyika jaribio la Global Learning XPRIZE, shindano la kutengeneza programu za kumfundisha mtoto asiye na mwalimu, kwenye vijiji kama 170 mkoani Tanga. Watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi walikuwa hawajawahi kwenda shule. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Zawadi kuu ikagawanywa Mei 2019 kati ya timu mbili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School.

Mimi nalitazama jaribio lile kwa moyo mweupe, maana kwa mtoto ambaye hana mwalimu kabisa, kishikwambi kinachomjibu kwa lugha yake ni neema. Lakini lisomwe lote. Nusu ya waliokuwa hawajui neno, bado hawakujua. Na programu zile zilitengenezwa kwa hatua ndogondogo, mtoto anajibu, anarekebishwa, anarudia. Mtu akilitumia jaribio la Tanga kutetea ununuzi wa vishikwambi vyenye pidiefu za vitabu, anatetea kitu kingine kabisa.

---

Mama_Wawili_Kigamboni

Mwalimu habari. Mwanangu wa kidato cha pili anafanya kazi za nyumbani zote na akili mnemba. Anaandika swali, inamjibu kwa Kiingereza kizuri, anahamishia kwenye daftari, anapata tiki. Nikimuuliza ameelewa nini ananung'unika. Nimnyang'anye simu? Naogopa atabaki nyuma, wenzake wote wanayo. Nisaidie kwa lugha nyepesi, mimi ni mfanyabiashara wa vitenge.

---

Chaki_Nyeupe

Mama, salama kabisa. Simu usimnyang'anye. Badilisha mpangilio tu: ajibu kwanza, atafute baadaye. Nakueleza nilivyoliona darasani.

Tulikuwa na mada ya mafuriko. Niliwaweka vikundi vya wanafunzi wanne, kila kikundi kina simu moja ya shule, swali likawa: kwa nini Jangwani (kwenye bonde la mto Msimbazi hapa Dar) hufurika? Kikundi cha mbele kikaandika swali kama lilivyo, likaja jibu refu la Kiingereza, wakaanza kuhamisha. Ukuaji wa miji, mifereji mibovu, mabadiliko ya tabianchi. Pointi safi, NECTA ingezipokea. Nikawauliza: maji yale yanatoka wapi? Kimya. Mmoja akajaribu, "Baharini?"

Nikakusanya simu zote nikaziweka juu ya meza yangu. Nikawapa karatasi za manila, nikasema chora mto Msimbazi unavyoujua wewe. Mwanzo waliguna. Kisha binti mmoja anayekaa Kigogo, msichana mkimya ambaye hajawahi kunyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, kwetu maji yanakuja hata siku ambayo hakujanyesha." Darasa likamcheka. Nikamwomba aendelee. Akasema bibi yake huangalia mawingu ya upande wa Pugu. Kule kukiwa kweusi wanaanza kupandisha magodoro.

Akachukua kalamu, akachora mstari kutoka Pugu. Mwingine wa Vingunguti akadaka, akaonyesha mto unapopita kwao na jinsi watu wanavyochimba mchanga na kumwaga taka. Wa Magomeni akaweka Jangwani. Wakafika daraja la Salender, mto unapoingia baharini, wakakwama: maji yakikutana na bahari iliyojaa yanakwenda wapi? Wakaanza kubishana, na nakwambia mama, walibishana kwa hasira, kama watu wenye jambo lao.

Hapo ndipo nikawarudishia simu. Safari hii hakuna aliyeandika "kwa nini Jangwani hufurika". Waliandika "mto Msimbazi chanzo vilima vya Pugu", "maji kujaa bahari mafuriko Salender", "mafuriko Dar Desemba 2011". Wakapata habari za mvua zile za 2011 zilizoua watu zaidi ya 40 na wakazi wa bondeni kuhamishiwa Mabwepande. Wakapata mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi na mpango wa daraja jipya la Jangwani. Mmoja akauliza kwa nini mradi unashughulikia bonde zima, mpaka huko juu, wakati wanaofurika ni wa chini. Lile swali halikuwemo kwenye jibu la kwanza la simu, na asingeliuliza kama asingekuwa ameuchora mto.

David Ausubel, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1968 kwamba kinachoathiri kujifunza kuliko vyote ni kile ambacho mwanafunzi tayari anakijua, basi mwalimu akitafute hicho na aanzie hapo. Binti wa Kigogo alikuwa nacho. Simu ilimfunika kwa sababu ilijibu kabla yake.

Kwa hiyo nyumbani fanya hivi. Mwanao asome swali, aandike jibu lake kwa penseli, hata mistari mitatu, hata kwa Kiswahili, hata la kukisia. Ndipo afungue simu. Badala ya kuandika swali la mwalimu, aandike jibu lake na aiombe akili mnemba imwonyeshe palipo dhaifu bila kumwandikia jibu. Mwisho aizime, akueleze wewe. Huhitaji kuijua Jiografia. Muulize tu "kwa nini?" na "unajuaje?" Wewe unauza vitenge, unamjua mtu anayesema asichokielewa.

---

Mkutubi_Upanga

Naomba nichangie kwa upande wetu wa maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kwa miaka mingi shida ya msomaji ilikuwa kitabu hakipo, au kipo kimoja na kimeazimwa. Siku hizi vijana wa vyuo wananijia na orodha ya vitabu vilivyotolewa na akili mnemba. Mwandishi yupo, mwaka upo, mchapishaji yupo. Natafuta kwenye katalogi, natafuta mtandaoni, kitabu hakijawahi kuandikwa. Kijana anabisha na mimi, anadhani tumekipoteza.

Wanafunzi waelezwe kwamba mashine ile haiendi kwenye rafu. Inatunga maneno kwa kufuata yale yanayoelekea kufuatana, kutokana na maandishi mengi iliyopitishiwa. Mara nyingi yanakuwa kweli, mara nyingine yanafanana tu na kweli. Hata zile zinazotafuta mtandaoni, anayepaswa kufungua chanzo na kukisoma ni wewe.

Na la kuhakiki tovuti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwaweka pamoja wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa Stanford, na wahakiki habari wa vyombo vya habari, wakawapa tovuti wazipime. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa, wakiangalia nembo, mpangilio, na maelezo ya "Kuhusu Sisi". Wahakiki walitoka haraka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: hawa ni kina nani, wengine wanasemaje juu yao? Waliamua kwa haraka zaidi na kwa usahihi zaidi. Naomba walimu mfundishe kutoka kwenye ukurasa, siyo kukodoa macho humo humo.

---

Chaki_Nyeupe

Mkutubi, asante sana. Hili la kutoka kwenye ukurasa nalipeleka darasani wiki hii.

Niongeze jambo linaloniuma. Mtoto wetu akitafuta kwa Kiswahili anakutana na maarifa machache mno. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na ina makala zaidi ya elfu 80. Ya Kiingereza ina zaidi ya milioni saba. Akitafuta kwa Kiingereza anapata mengi lakini anasoma kwa lugha inayomchosha, na mtu aliyechoka na lugha anakopi. Ndiyo maana mimi naruhusu wajadili kwa Kiswahili hata kama jibu la mwisho litaandikwa Kiingereza. Wenye uwezo wa kuandika makala za Kiswahili zenye uhakika kuhusu mito yetu, magonjwa yetu, historia yetu, tuandike. Kila ukurasa mmoja una mtoto anayeutafuta usiku huu.

---

Msemakweli_Mbagala

Mwalimu hapo kwenye pepa umenipata. Ila darasa la watoto 80, hayo manila na vikundi unayawezaje kila kipindi? Silabasi inaisha saa ngapi?

---

Chaki_Nyeupe

Siyawezi kila kipindi mkuu, na simwambii mwalimu yeyote ayafanye kila kipindi. Mada moja kubwa kwa mwezi naichimba hivyo. Zilizobaki natumia njia ya bei nafuu: dakika tano za mwanzo wa kipindi, madaftari yamefungwa, kila mtu anaandika anachokumbuka cha wiki iliyopita, kisha anabadilishana na jirani wasahihishane. Haihitaji umeme wala bando, na sibebi madaftari 80 nyumbani. Kipande kinachoeleweka kwa kusoma tu, wakasome wenyewe. Kinachowashinda watoto mwaka hadi mwaka, muda wangu nauweka huko.

---

Fomfoo_Tandika

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo kidato cha nne. Simu ni ya mama, naipata saa tatu usiku akirudi sokoni, bando lenyewe dogo. Tuisheni siwezi kulipa. Nifanyeje na hii njia yako?

---

Chaki_Nyeupe

Marahaba mwanangu. Saa tatu usiku si haba.

Jioni kabla mama hajarudi, chukua topiki moja, funga daftari, andika kwenye karatasi kila unachokumbuka. Kisha fungua daftari, tia alama nyekundu ulipokosea na ulipoacha. Kwenye hizo alama nyekundu chagua maswali mawili au matatu ambayo daftari lako halijibu. Hayo tu ndiyo ya simu. Ukiipata, unakwenda moja kwa moja, huzunguki, bando halikuishii kwenye video za watu. Vitabu vya kiada usivinunue kwa sasa, vimo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Jumamosi tafuta mahali penye intaneti ya bure ufungue sura unazozihitaji.

Topiki hiyo hiyo irudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kila mara ukianza na karatasi tupu. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alijipima mwenyewe na kuchapisha mwaka 1885 jinsi usahaulifu unavyokwenda kasi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa yanashika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Fanya hivyo hivyo na mwenzako wa mtaani, mmoja anauliza, mwingine anajibu bila kuangalia.

Anza na topiki unayoiogopa. Swali la kwanza litakalokushinda liweke hapa hapa, pamoja na jibu lako ulilojaribu, hata kama unaona aibu nalo. Kesho baada ya kipindi cha nne nitakuwa nimelisoma. Fundi na Mkutubi, mkiliona kabla yangu, msimpe jibu. Mpeni kidokezo kimoja.